David Blackwell, mtu aliyetaka kuelewa

Katika somo langu la nadharia ya takwimu kuna kipindi ninachokisubiri kila mwaka: kipindi cha kanuni ya Rao–Blackwell, inayoonyesha jinsi ya kuboresha makadirio. Wanafunzi wengi hulikariri jina hilo kama neno moja, wakalitumia kwenye mtihani, wakasonga mbele. Mimi hunishinda kulipita hivyo. Nilianza kusoma makala za David Blackwell, mwanahisabati na mwanatakwimu Mmarekani Mweusi, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, na kwa jinsi ninavyoona, bado hajasimuliwa inavyostahili. Magazeti yakimtaja, humtaja kama Mweusi wa kwanza kupata hiki na kile. Vitabu vya kiada vikimtaja, ni fomula isiyo na mwenyewe. Nataka kuviunganisha vyote viwili, kwa sababu kadiri ninavyomsoma ndivyo ninavyoona kwamba maisha yake na hesabu zake vilienda kwa mwendo mmoja.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1919 huko Centralia, mji wa reli katika jimbo la Illinois, Marekani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Shuleni hesabu hazikumpa shida, ila pia hazikumvutia sana, mpaka alipokutana na jiometri. Miaka mingi baadaye, akiwa profesa mwenye sifa dunia nzima, bado alikuwa akisimulia alivyoshangazwa na mstari wa kusaidia.

Yeyote aliyesoma jiometri anaujua mstari huo, hata kama hakuwahi kuutilia maanani. Chukua pembetatu yoyote. Unaambiwa uthibitishe kuwa pembe zake tatu zikijumlishwa zinatoa nyuzi 180. Unaikodolea macho na hakuna kinachotokea. Kisha mtu anachora mstari mmoja unaopita kwenye ncha ya juu, sambamba na kitako cha pembetatu. Mstari huo haukuwepo kwenye swali. Lakini ukishauchora, pembe mbili za chini zinaonekana zimejitokeza tena juu, moja kila upande wa pembe ya tatu, na zote tatu zimelala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Hakuna tena cha kubishania. Blackwell alisema hilo ndilo somo lililomwonyesha kwamba hisabati ina uzuri na imejaa mawazo. Nami nikisoma makala zake naiona tabia hiyo hiyo: ananyamaza, anachora mstari mmoja ambao hakuna aliyeufikiria, na swali linakwisha.

Aliingia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1935, akiwa na miaka 16, akikusudia kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipogundua kwamba baba yake anakopa ili kumsomesha, alimwambia aache, atajilipia mwenyewe. Akaosha vyombo, akahudumia mezani, akasafisha vifaa vya maabara ya wadudu. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 1938, ya uzamili mwaka 1939, na ya uzamivu mwaka 1941. Alikuwa na miaka 22. Msimamizi wake alikuwa Joseph Doob, mmoja wa watu walioipa nadharia ya uwezekano misingi yake ya kisasa, na tasnifu yake ilihusu minyororo ya Markov. Huo ni mfumo unaohama kutoka hali moja hadi nyingine, na kinachofuata hutegemea ulipo sasa tu, si ulikotoka.

Mwaka huo huo wa 1941 alipata ufadhili wa kwenda Institute for Advanced Study, taasisi ya utafiti mjini Princeton. Ilikuwa desturi kwa wageni wa taasisi hiyo kupewa hadhi ya heshima kwenye chuo kikuu jirani, yaani Princeton chenyewe. Kwa Blackwell, rais wa chuo aliandika kulalamika, na sababu ilikuwa rangi yake. Taasisi ikasimama naye.

Katika mwaka huo kuna kisa kimoja ninachokipenda kuliko vyote. John von Neumann, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ile, alimwambia Blackwell kwamba angependa kusikia kuhusu tasnifu yake. Blackwell alidhani ni maneno ya adabu tu, hakwenda. Baadaye von Neumann akamuuliza tena, mbona huji? Akaenda. Von Neumann alisikiliza kwa dakika chache, akauliza maswali mawili matatu, kisha akaanza kumweleza Blackwell kazi yake mwenyewe, na njia rahisi zaidi ya kuifanya. Blackwell alisimulia jambo hili kwa furaha isiyo na kinyongo: kwamba katika dakika 10 yule bwana alikuwa ameijua mada kumzidi yeye aliyeiandikia tasnifu. Wako wasomi ambao kikao cha namna hiyo kingewavunja moyo. Yeye alitoka na kitu ambacho hakuwa amekiona alipoingia, na kwake hilo lilikuwa faida.

Kisha ukaja wakati wa kutafuta kazi. Aliandika barua kwa vyuo 105, vyote vya Wamarekani Weusi. Kuomba kwingine hakukumjia hata akilini, kwa kuwa ndivyo dunia ilivyokuwa. Doob alikuwa amempendekeza kwa mwanatakwimu Jerzy Neyman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Neyman alikutana naye mwaka 1942 akamtaka. Wakati huo takwimu ilikuwa chini ya idara ya hisabati, na mkuu wa idara alikuwa na mazoea ya kuwaalika walimu nyumbani kwake kula chakula cha jioni. Mke wake akasema hatampokea mtu mweusi nyumbani mwake. Ajira ikaishia hapo. Blackwell mwenyewe alikuja kuujua undani wa jambo hilo miaka mingi baadaye.

Nimewahi kusoma masimulizi yanayoliharakisha tukio hili, kwa sababu mwisho wake tunaujua: alikuja kuajiriwa Berkeley, kwa hiyo mambo yakawa sawa. Siafiki. Ni zaidi ya miaka 10 kati ya kukataliwa kule na kuajiriwa kwake. Kwa mwanahisabati, miaka hiyo ya kati ya ishirini na thelathini na kitu ndiyo inayohesabiwa kuwa ya dhahabu. Aliitumia akifundisha masomo mengi kwa wiki, mbali na vituo vikubwa vya utafiti. Alianza Southern University kule Baton Rouge, akahamia Clark College mjini Atlanta, na mwaka 1944 akafika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ambako alikuwa profesa kamili na mkuu wa idara ya hisabati ifikapo 1947. Kwamba alifanya makubwa katika mazingira hayo hakupunguzi ubaya wa kilichomfungia humo.

Na ni Washington ndiko alikogeuka kuwa mwanatakwimu. Mwaka 1945 alihudhuria mhadhara wa mwanatakwimu Meyer Abraham Girshick, ambaye marafiki walimwita Abe, kuhusu uchambuzi wa hatua kwa hatua: badala ya kuamua mapema utachukua vipimo vingapi, unapima kimoja kimoja na kuamua kila mara kama uendelee au usimame. Vita vilikuwa vimeufanya utafiti wa aina hiyo uwe muhimu sana, kwa sababu kukagua shehena ya silaha kwa vipimo vichache zaidi kunaokoa muda na mali. Girshick akaitaja kanuni ya mwanatakwimu Abraham Wald. Inasema kwamba ukijumlisha vipimo mpaka utakapoamua kusimama, wastani wa jumla ni wastani wa idadi ya vipimo mara wastani wa kipimo kimoja.

Jaribu na dadu. Rusha mpaka upate 6, halafu simama, ujumlishe yote uliyopata. Kwa wastani utarusha mara 6. Kila mrusho una wastani wa 3.5. Kanuni inasema jumla itakuwa na wastani wa 21. Akili inakataa mara moja: mrusho wa mwisho lazima uwe 6, na yote iliyotangulia lazima iwe chini ya 6, sasa hiyo 3.5 inatokea wapi? Hebu tuhesabu. Kabla ya ile 6 kuna mirusho 5 kwa wastani, kila mmoja ukiwa kati ya 1 na 5, yaani wastani wa 3. Hiyo ni 15. Ongeza 6 ya mwisho: 21. Kanuni imesimama.

Blackwell naye hakuiamini. Alirudi nyumbani, akatengeneza mfano wa kuipinga, akamtumia Girshick kwa posta. Mfano ulikuwa na kasoro, na kanuni ilikuwa sahihi. Girshick hakumpuuza wala hakumwandikia barua ya kumfundisha adabu. Alimwita wakutane, wazungumze. Kutoka hapo kukazaliwa makala ya Blackwell ya 1946 kuhusu kanuni hiyo hiyo ya Wald, na urafiki uliodumu mpaka Girshick alipofariki mwaka 1955. Kitabu chao cha pamoja juu ya michezo na maamuzi ya kitakwimu kilitoka mwaka 1954. Mimi kama mhadhiri hujiuliza mara nyingi kuhusu upande wa Girshick. Barua kutoka kwa mwalimu wa hisabati usiyemjua, inayodai umekosea, na ndani yake hesabu hazijakaa sawa. Wangapi tungeijibu?

Mwaka 1947 ikatoka makala iliyolifanya jina lake liwe la kudumu. C. R. Rao, kijana wa Kihindi aliyekuwa Calcutta, alikuwa ameligusa wazo hilo mwaka 1945. Blackwell alilifikia kivyake, kwa njia ya wastani wenye masharti. Hivi ndivyo ninavyolifundisha.

Tuseme ofisi inapokea simu ovyoovyo, bila mpangilio, na unataka kujua uwezekano wa dakika nzima kupita bila simu hata moja. Umekaa dakika 10 na kuhesabu simu 20. Kuna njia ya kizembe kabisa ya kukadiria: angalia dakika ya kwanza tu. Ikiwa haikuwa na simu, andika 1. Ikiwa ilikuwa nayo, andika 0. Kwa wastani njia hii haidanganyi, lakini kila mara jibu lake ni 0 au 1, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeliamini. Sasa mstari wa kusaidia: uliza, nikijua kwamba simu zilikuwa 20 kwa jumla, wastani wa jibu lile la kizembe ni ngapi? Kila simu kati ya zile 20 ingeweza kuangukia dakika yoyote kati ya 10. Uwezekano wa simu moja kuikwepa dakika ya kwanza ni 9 kwa 10. Zote 20 kuikwepa: 0.9 ijizidishe mara 20, unapata takriban 0.12. Umeanza na kikadirio cha kutupa, umekipitisha kwenye swali moja, kimetoka kikadirio bora kuliko vyote visivyopendelea upande. Blackwell alithibitisha kwamba mwendo huu hautakuharibia kamwe: ukikadiria kwa kutumia muhtasari uliobeba habari zote zilizomo kwenye data, kosa lako haliongezeki, na mara nyingi linapungua.

Nikifika kwenye ile 0.12 ubaoni, huacha chaki na kusubiri. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayesema kwa sauti kwamba hilo haliwezekani, kwamba tumetoa kitu kizuri kutoka kwenye takataka. Huyo ndiye ninayemwita baada ya kipindi.

Majira ya joto ya 1948 hadi 1950 Blackwell alikuwa RAND, California, taasisi iliyokuwa ikifanya utafiti kwa ajili ya jeshi la anga. Huko yeye na wenzake walichambua mapigano ya bastola kama mchezo wa hisabati. Watu wawili wanasogeleana, kila mmoja ana risasi moja. Ukifyatua mapema, huenda ukakosa, na hapo mwenzako atakufuata taratibu mpaka pua kwa pua. Ukichelewa, atakuwahi. Ufyatue lini? Kisha wakaliongezea ugumu: bastola zisizotoa sauti, hujui kama mwenzako ameshafyatua akakosa. Kulikuwa na ulimwengu wa mataifa mawili yenye silaha nzito nyuma ya swali hilo, ingawa alichosimulia yeye ni utamu wa tatizo lenyewe.

Huko RAND ndiko pia kulikotokea tukio lililombadilisha mawazo kuhusu takwimu yenyewe. Mchumi mmoja alimfuata na swali: kuna uwezekano gani wa vita kubwa kutokea ndani ya miaka mitano ijayo? Alihitaji jibu ili kushauri jinsi ya kugawa fedha za utafiti, kati ya miradi ya haraka na ya muda mrefu. Blackwell alimjibu kama alivyofundishwa: uwezekano ni wa mambo yanayojirudia mara nyingi, na hili ni tukio la mara moja, kwa hiyo jibu ni 0 au 1 na tutalijua miaka mitano ikipita. Mchumi akamwambia alihofia angejibiwa hivyo, kwani wanatakwimu wengine aliowauliza walisema vivyo hivyo. Akaenda zake.

Swali likabaki. Blackwell aliona kwamba alikuwa amemjibu mtu makini jibu lisilo na msaada wowote, na kwamba mtu yule alikuwa na haki ya kuuliza. Baadaye alizungumza na mwanatakwimu Leonard Savage, aliyekuwa akitetea mtazamo kwamba uwezekano ni kipimo cha imani ya mtu anayetakiwa kuamua, na kwamba imani hiyo husahihishwa na data kwa kanuni ya Bayes. Blackwell akawa mfuasi wa mtazamo huo, na mwaka 1969 alitoa kitabu cha takwimu za msingi kilichoandikwa kwa njia hiyo, wakati ambapo karibu kozi zote za mwanzo zilifundisha vingine. Mimi sifuati Bayes katika kila kitu. Lakini kila ninapoombwa ushauri na daktari au mtu wa kilimo, huyo mchumi hunijia kichwani kabla sijafungua mdomo.

Berkeley ilimwita tena mwaka 1954, kwanza kama mgeni, na mwaka 1955 idara ya takwimu ilipoanzishwa, akawa profesa kamili humo. Haikupita miaka mingi akamrithi Neyman, yule yule aliyemtaka tangu 1942, kama mkuu wa idara. Mwaka 1965 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Alilea wanafunzi wa uzamivu zaidi ya 60. Nyumbani, yeye na mkewe Ann walikuwa na watoto wanane.

Watu walimuuliza alivyoweza kuandika kwenye nyanja nyingi hivyo: michezo, uwezekano, kulinganisha majaribio, nadharia ya habari, maamuzi ya hatua kwa hatua. Jibu lake liliwashangaza. Alisema hakuwahi kupendezwa na kufanya utafiti. Alichotaka ni kuelewa. Mara nyingi, ili uelewe kitu, inakubidi ukitengeneze mwenyewe kwa sababu hakuna aliyekwisha kukitengeneza. Ninaliamini jibu hili kwa sababu makala zake zinalithibitisha. Ni fupi. Zinajibu kilichoulizwa na kukoma.

Mfano mmoja umo kwenye makala yake ya 1951, na mtu yeyote anaweza kuujaribu. Rafiki anaandika namba mbili tofauti, zozote atakazo, kwenye vipande viwili vya karatasi na kuvifunika. Unafunua kimoja bila kuchagua, unasoma namba yake. Useme: iliyofichwa ni kubwa zaidi au ndogo zaidi? Hujui rafiki yako amezichaguaje, kwa hiyo inaonekana wazi huwezi kupita nusu kwa nusu. Unaweza. Jitafutie namba yako ya tatu kwa bahati nasibu, kwa utaratibu unaoweza kutoa namba ya ukubwa wowote. Jifanye hiyo ndiyo iliyofichwa, na ujibu kwa kuilinganisha na uliyoiona. Ikiwa namba yako iko chini ya zote mbili, utapatia nusu ya mara. Ikiwa juu ya zote mbili, vilevile. Lakini ikiangukia katikati yao, utapatia kila mara, na uwezekano wa kuangukia katikati, hata uwe mdogo namna gani, si sifuri. Namba isiyohusiana na chochote imekupa faida.

Alistaafu mwaka 1988 na kufariki tarehe 8 Julai 2010 huko Berkeley, akiwa na miaka 91. Mwaka 2014 Rais Obama aliikabidhi familia yake Nishani ya Taifa ya Sayansi. Bweni moja la wanafunzi la Berkeley lilipewa jina lake mwaka 2018. Na tangu kampuni ya chipu za kompyuta ya Nvidia ilipotangaza chipu za Blackwell mwaka 2024, wanafunzi wa kompyuta wamekuwa wakija ofisini kwangu kuuliza kama ni yule yule wa kanuni.

Ndiye. Nami huwapa makala mbili, ya 1962 na ya 1965. Ndani yake kuna mtu anayepaswa kuchagua tendo, hatua baada ya hatua bila kikomo, huku tuzo ya kesho ikipunguzwa kidogo ikilinganishwa na ya leo. Blackwell anaonyesha kwamba pale idadi ya hali na ya matendo inapokuwa na kikomo, kanuni moja isiyobadilika inatosha: angalia ulipo, tenda kadiri ya hapo, bila kujali historia. Programu zinazojifunza kucheza michezo au kuongoza roboti kwa kupewa tuzo zimejengwa juu ya mfumo huo. Wengi wa wanafunzi hao hutarajia kurasa nyingi za kutisha. Huwaambia waanze na ile ya 1962, waje na penseli, na wasiendelee na ukurasa wa pili kabla hawajaweza kunieleza wa kwanza kwa maneno yao wenyewe.